Sura ya Saba: Chatu Hasusi Bure

Mtu aliyezoea kufuga kuku na mbuzi humpima nyoka kwa kipimo kisichomfaa. Kuku asiyedonoa chochote kwa siku mbili, mwenyewe anajua lazima achinjwe kabla hajafa. Mbuzi asiyegusa majani tangu asubuhi huitiwa bwana mifugo kabla ya jua kuzama. Kwa hiyo chatu mchanga akiwekwa kwenye sanduku, akaletewa panya, naye akamtazama yule panya kama mtu anavyolitazama tangazo la mkutano uliokwisha kufanyika, hofu humwingia mfugaji. Wiki ya kwanza inapita, ya pili inapita, na ya tatu mwenyewe ameshika kijiti anajaribu kumpanua mdomo. Hoja ya sura hii ni kwamba nyoka wengi wanaokufa mikononi mwa watu katika hali hiyo huponzwa na kijiti kabla njaa haijawafikia. Chatu anayekataa chakula kwa kawaida hana ukaidi wala ugonjwa wa tumbo. Anajibu hali aliyowekwa: joto, maficho, harufu ya chakula, msimu, umri wake. Kazi ya mfugaji ni kuzisoma hali hizo, kuzirekebisha moja baada ya nyingine, kisha kumwacha. Hili la mwisho ndilo linalowashinda wengi, maana kumwacha mnyama mwenye njaa kunafanana mno na uvivu.

Naiweka hoja hii Kiranjeranje, kata ya Wilaya ya Kilwa iliyo kwenye barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, kwa sababu maelekezo mengi ya kufuga nyoka yameandikwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi. Huko Stockholm au London, chatu ni mgeni anayeishi kwenye kabati la kioo lenye taa ya joto, na anayemfuga hajawahi kumwona porini. Kiranjeranje mambo ni kinyume. Chatu ni jirani. Bonde la Mto Mbwemkuru lina maji, vichaka, ndezi, kwale na paa, na mnyama wa namna hiyo hahitaji zaidi. Chatu wa upande huu ni yule ambaye wataalamu humwita Python natalensis, chatu wa kusini mwa Afrika, ndugu wa karibu wa chatu mkubwa wa Afrika Magharibi na Kati. Kwa hiyo anayetaka kujua kwa nini nyoka aliye kwenye sanduku hali, hapa anaweza kuuliza swali lililo bora zaidi: huyu huyu angekuwa porini mwezi huu, angekuwa anafanya nini?

Jibu la kwanza ni kwamba huenda asingekuwa anakula. Mwili wa chatu haujitengenezei joto kama wetu. Sehemu kubwa ya chakula tunachokula sisi, au anachokula kuku, huishia kuuweka mwili katika joto lile lile usiku na mchana. Chatu huazima joto kwa jua na kwa ardhi, kwa hiyo gharama yake ya kuishi ni ndogo sana. Mwaka 2007 mtafiti Marshall McCue wa Chuo Kikuu cha Arkansas, Marekani, alichapisha matokeo ya kuwanyima chakula nyoka wa aina tatu, chatu mfalme wa Afrika Magharibi akiwa mmojawapo, kwa muda wa karibu miezi sita. Nyoka hao walipunguza kasi ya miili yao kuchoma nishati, wengine kwa hadi asilimia 72. La kushangaza zaidi ni kwamba waliendelea kuongezeka urefu huku wakifunga. Mnyama anayerefuka akiwa hajala nusu mwaka si mnyama wa kuhurumiwa kwa sababu ya wiki tatu.

Jibu la pili ni la gharama, na nadhani ndilo wafugaji wengi hawalifikirii. Kwetu kula ni jambo jepesi, kwa sababu tumbo letu huwa tayari muda wote. Chatu aliyefunga amelizima tumbo lake. Utumbo umesinyaa, tezi zimelala. Akimeza mawindo inambidi awashe kila kitu upya, na utafiti wa Stephen Secor na Jared Diamond wa Marekani katika miaka ya 1990 ulionyesha jinsi kuwasha huko kulivyo kazi: kwa chatu wa Burma aliyemeza mlo mkubwa kabisa, matumizi ya nishati yalipanda zaidi ya mara 40, na utumbo uliongezeka uzito karibu maradufu. Mwaka 2005 watafiti wengine waliandika katika jarida la Nature kwamba moyo wa chatu huyo huongezeka misuli kwa asilimia 40 ndani ya saa 48 baada ya kula. Tafakari maana yake. Nyoka anapomeza panya anaingia ahadi ya siku kadhaa za kazi nzito, akiwa mzito, hawezi kukimbia, na anahitaji joto la kutosha ili nyama isioze tumboni kabla haijasagika. Mnyama mwenye mwili wa namna hiyo hatamgusa panya mpaka aridhike kwamba mahali alipo ni salama na pana joto. Tukiona amekataa, tufikirie kwamba amepiga hesabu, na hesabu haikumlipa.

Wapo wanaofunga kwa sababu iliyo kubwa zaidi. Profesa Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand aliwafuatilia kwa miaka kadhaa chatu wa aina hii hii ya kwetu katika hifadhi ya Dinokeng, kaskazini mwa Pretoria, kwa kuwawekea vifaa vya redio mwilini. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2018 yalionyesha kwamba jike anapoingia katika kuzaa hubadilika rangi akawa karibu mweusi, akaota jua mpaka mwili wake ukafikia nyuzi joto 40 hivi, kisha akarudi shimoni kuyazungushia mayai mwili wenye moto huo. Mayai yakianguliwa hukaa na watoto kwa takriban wiki mbili zaidi. Katika kipindi hicho chote, kinachozidi miezi sita, hali kitu, na hupoteza karibu asilimia 40 ya uzito wake. Hakuna mnyama wa zizini anayeweza kufanya hivyo akaendelea kuishi. Kwa chatu ni sehemu ya maisha, ingawa inamgharimu kiasi kwamba hawezi kuzaa kila mwaka.

Ukijua hayo, kisa cha Omieri wa Nyakach, upande wa Kisumu nchini Kenya, unakisikia kwa sikio jingine. Omieri alikuwa chatu aliyeheshimiwa na Wajaluo wa huko kama mleta mvua na mavuno. Mwaka 1987 aliungua katika moto wa nyika, akapelekwa Nairobi kutibiwa, akafia huko, na watu wa Nyakach walihuzunika na kukasirika. Mwaka 2003 chatu mwingine jike alipoonekana maeneo hayo akiwa na mayai, wengi walimpokea kama Omieri aliyerudi, na mjadala ukazuka kama aachwe au ahamishwe. Ninachotaka kukiangalia hapa ni kitu kimoja tu. Mtu ambaye angempelekea chatu wa namna hiyo kuku kila asubuhi kwa nia njema, kisha akaona kuku hawaguswi, angesema mnyama anaumwa. Kumbe mnyama yuko kazini. Mfugaji anayemkamata jike mnene mwenye mayai tumboni akamweka kwenye sanduku yuko katika kosa lilo hilo, naye anaweza kumsumbua miezi kadhaa kwa chakula ambacho mwili wa nyoka hauna haja nacho.

Msimu una sura nyingine zilizo ndogo. Dume katika wakati wa kutafuta majike hupoteza hamu ya kula. Nyoka anayekaribia kujivua gamba macho yake hugeuka meupe kama maziwa, haoni vizuri, na humkataa hata panya aliye puani mwake. Mtoto aliyetoka kwenye yai hubeba akiba ya kiini tumboni, na kwa kawaida haanzi kula mpaka ajivue kwa mara ya kwanza, siku kumi hivi au zaidi baada ya kuanguliwa. Katika hali zote hizi dawa ni kuangalia kalenda.

Tukitoka kwenye msimu tunafika mahali penyewe, na hapa Kiranjeranje ina tatizo lililo kinyume na la Ulaya. Wa London anahangaika kupata joto. Wa Kilwa anapaswa kulikimbia. Sanduku lililowekwa chini ya bati bila dari, saa nane mchana mwezi wa Januari, linaweza kupita joto ambalo chatu analivumilia, na chatu asiyeweza kukimbia joto hali. Hutambaa ukutani akitafuta upenyo mpaka anachubuka pua. Dawa yake ni rahisi. Sanduku liwe refu kiasi cha kuwa na pande mbili, moja ya joto la nyuzi 31 au 32, nyingine ya nyuzi 25 au 26, ili mwenyewe achague. Chini ya paa la makuti, au ukutani upande usiopigwa na jua la alasiri, hali hiyo hupatikana bila umeme kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kwa upande mwingine, kuanzia Juni hadi Agosti, kusi linapovuma na usiku ukapoa, nyoka aliyekula vizuri mwezi wa Machi anaweza kugoma, au akala kisha akatapika baada ya siku tatu. Kutapika ni kubaya kuliko kugoma, kwa kuwa kunamdhoofisha mara mbili. Kipimajoto cha bei ndogo kingewaokoa nyoka wengi kuliko dawa zote zinazouzwa.

Baada ya joto ni maficho. Chatu mchanga porini huishi kwenye mashimo, chini ya mizizi, ndani ya kichuguu kilichoachwa, kwa sababu tai, nguchiro na kenge wote wanamtafuta. Mweke kwenye kabati la kioo sebuleni, watoto wakipita, redio ikilia, wageni wakimnyooshea vidole, na umemweka uwanjani mbele ya adui zake. Wafugaji wenye uzoefu duniani kote wanajua jambo linalowashangaza wanaoanza: chatu aliyegoma kwenye banda kubwa la kupendeza mara nyingi huanza kula akihamishiwa kwenye kisanduku kidogo chenye giza, ambamo mwili wake hugusa kuta pande zote. Chungu kilichovunjika ukingo, kikafunikwa, ni maficho tosha. Asishikwe. Katika siku za kugoma asishikwe kabisa, wala asifunguliwe kila saa kuangaliwa kama amekula. Katika vijiji vya Lindi kuna jambo jingine la kuangalia: ghala. Msimu wa kupulizia mikorosho, nyumba nyingi huwa na mifuko ya salfa, na baadhi huwa na viuatilifu vya ufuta. Nyoka anaishi kwa kunusa, basi sanduku lake lisikae chumba kimoja na vitu hivyo.

Hapo tunafika kwenye chakula chenyewe, sehemu iliyojaa mambo mengi na ambayo makosa yake ni mepesi kurekebisha. Watu husema nyoka anakula panya, kana kwamba nyoka wote ni familia moja yenye chungu kimoja. Pwani ya Tanzania ina nyoka mwekundu-kahawia mpole, Dasypeltis medici, ambaye katika maisha yake yote hali chochote isipokuwa mayai ya ndege. Karibu hana meno. Humeza yai zima kubwa kuliko kichwa chake, akalipasua kwa miiba ya uti wa mgongo inayotokeza kooni, akanywa kilichomo, kisha akalitema ganda likiwa limekunjwa. Mtu akimwokota nyoka huyo akampa panya, atagoma mpaka afe, na si kosa lake. Isitoshe, ndege wakiwa hawatagi naye hufunga porini. Wapo nyoka wa bustanini wanaokula konokono peke yao, na wapo wanaokula nyoka wenzao tu. Swali la kwanza kwa nyoka aliyegoma, kabla ya joto na kabla ya maficho, ni kama aliyempa chakula anajua ni nyoka gani.

Kwamba mapendeleo hayo ni ya damu na si ya mazoea, ushahidi upo. Mwaka 1967 Gordon Burghardt, mtafiti wa Marekani, aliwapima nyoka waliozaliwa muda mfupi tu, ambao hawajawahi kula. Aliwasogezea pamba zilizolowekwa maji ya wanyama mbalimbali: minyoo, samaki, na wengineo. Kila aina ya nyoka ilichezesha ulimi na kushambulia pamba yenye harufu ya kile ambacho wazazi wake hula, ingawa hakuna aliyewafundisha. Ulimi wa nyoka hukusanya chembe za harufu na kuzipeleka kwenye kiungo kilicho kaakaani, na hapo ndipo uamuzi unapofanyika. Miaka kumi baadaye Stevan Arnold aliongeza kitu ambacho msomaji wa Kiswahili atakifurahia. Huko California, nyoka wa aina moja wanaoishi pwani penye ukungu hula makoa, yaani konokono wasio na gamba. Ndugu zao wa bara, ambako makoa hawapo, huwakataa hata wakiwa na njaa. Watoto wao waliozaliwa maabara walionyesha tofauti ile ile. Mabishano ya watu wa pwani na watu wa bara kuhusu nini ni chakula na nini si chakula hayakuanza na sisi.

Kwa chatu mchanga somo la vitendo ni hili. Panya mweupe wa maabara, ambaye ndiye chakula cha nyoka wa kufugwa Ulaya, hana harufu anayoijua chatu wa Mbwemkuru. Panya wa shambani anayo. Utafiti wa Luca Luiselli na Francesco Angelici juu ya chatu mfalme wa kusini-mashariki mwa Nigeria uligundua kwamba wadogo, hasa madume wapandao miti, walikula ndege zaidi, na wakubwa walikula wanyama wenye manyoya. Kwa hiyo kifaranga cha kuku, au panya aliyesuguliwa kwa manyoya ya kifaranga, mara nyingi hufungua mlango uliokuwa umefungwa. Nyoka wadogo wa nyumbani wanaozoea mijusi wanaweza kudanganywa kwa kumsugua mtoto wa panya kwenye mjusi. Baada ya milo michache harufu ya kuazima hupunguzwa, na panya hubaki peke yake. Tahadhari moja haina mjadala: asitolewe panya aliyeokotwa akiwa amekufa nyumbani ambako sumu ya panya imetegwa. Na kwa kuwa kusini panya wa shambani ni kitoweo cha baadhi ya watu pia, mfugaji wa nyoka asishangae akikuta bei imeshapangwa.

Namna ya kutoa ina uzito wake. Chatu huwinda usiku, na midomoni ana vishimo vinavyohisi joto la mwili wa mawindo. Panya aliyetolewa kwenye jokofu akayeyushwa lakini akabaki baridi ni jiwe lenye manyoya. Achovywe ndani ya mfuko kwenye maji ya moto mpaka apate joto la mwili hai, nyuzi 38 hivi, apanguswe, asogezwe kwa koleo refu baada ya magharibi, taa ikiwa imezimwa, atikiswe kidogo kama anayepita. Akikataa, aachwe mlangoni mwa maficho mpaka alfajiri, kisha aondolewe. Jaribio lingine lisifanyike kesho yake. Lisubiri wiki, au siku kumi. Kijijini kusiko na jokofu, panya aliyeuawa muda huo huo ni bora kuliko wa jokofu, na tatizo la kupasha joto halipo.

Hapa huja pingamizi la kwanza: kwa nini panya auawe? Porini chatu hukamata mawindo yaliyo hai, basi apewe panya hai, silika itaamka. Pingamizi hilo lina ukweli nusu. Mwendo wa mawindo humwamsha chatu, na baadhi ya waliokamatwa porini huanza kwa chakula kilicho hai. Lakini porini panya ana pa kukimbilia, na chatu asiyetaka kula anaweza kuondoka. Ndani ya sanduku wote wawili wamefungwa. Panya aliyeachwa usiku kucha na nyoka asiye na hamu hupata njaa, na panya mwenye njaa hutafuna kilicho karibu. Madaktari wa wanyama wameona chatu waliotafunwa mgongo mpaka mfupa ukaonekana, nao hawakupigana kwa sababu hawakuwa wakiwinda. Koleo linalotikiswa hutoa mwendo ule ule bila meno.

Pingamizi la pili ni la kijiti. Akilazimishwa mara moja, watu husema, tumbo litawaka na hamu itarudi. Nimeeleza gharama ya kuliwasha tumbo. Kumlazimisha ni kumtwisha gharama hiyo akiwa katika hofu, pengine katika baridi, na mwili ukiwa haujajiandaa. Mara nyingi chakula hicho hutapikwa. Ngozi ya ndani ya koo la nyoka ni nyembamba, huchanika, na mlango wa pumzi uko chini mdomoni ambapo chakula kinachosukumwa ovyo huweza kuingia. Zaidi ya hayo, nyoka hujifunza. Aliyeshikwa kichwa akapanuliwa mdomo mara nne hunusa mkono wa binadamu na kujua kinachofuata. Yapo mazingira ambamo daktari wa wanyama humlisha nyoka kwa mpira, kimiminika kidogo kidogo, na hayo ni mazingira ya hospitali. Mfugaji wa nyumbani hana ujuzi huo, na panya mzima si kimiminika.

Pingamizi la tatu ndilo zito. Kusubiri kunaweza kuwa jina zuri la kutelekeza, na nyoka mgonjwa kweli hufa akiwa anasubiriwa. Nakubali, na ndiyo maana kusubiri kunahitaji mizani. Chatu mkubwa mwenye afya anaweza kukaa miezi bila kula uzito wake ukabaki karibu pale pale, na huyo hana neno. Akipoteza kama sehemu moja ya kumi ya uzito kwa muda mfupi, au uti wa mgongo ukaanza kusimama kama ukingo wa mtumbwi uliopinduliwa, subira imekwisha. Vivyo hivyo akitoa mapovu puani, akipumua mdomo wazi, fizi zikiwa nyekundu zenye usaha, akiwa na kupe au utitiri, au kinyesi chenye damu. Nyoka wa porini karibu wote hubeba minyoo, na wakiwa huru hawadhuriki sana. Hofu ya sanduku ndiyo huwapa minyoo nafasi. Mtoto wa chatu naye hana akiba ya mkubwa. Akiba ya kiini ikiisha, asubiriwe wiki, sio miezi. Tofauti ya subira na utelekezaji ni rekodi iliyoandikwa: tarehe, uzito, joto, alichopewa, alichofanya.

Limebaki pingamizi ambalo mwenyeji wa Kiranjeranje atalitoa kabla ya yote hayo, nalo linastahili jibu la wazi. Kwa nini kuhangaika kumlisha nyoka katika nchi ambayo nyoka huua watu? Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza madhara ya kuumwa na nyoka wenye sumu katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa, na wanaoumwa zaidi ni wakulima wa vijijini walio mbali na hospitali, watu kama wa mashamba ya ufuta na mikorosho ya kusini, ambako nyoka wa kijani wenye sumu hukaa mitini kimya. Chatu hana sumu, lakini hula kuku na mbuzi wadogo, na ni mnyama wa kutisha. Jibu langu ni kwamba ujuzi wa kulisha ndio unaomfundisha mtu kwamba wengi wa nyoka hawa hawapaswi kuwa sandukuni. Kusini kuna historia ndefu ya kukamata nyoka. Constantine Ionides, Mwingereza mwenye asili ya Kigiriki aliyekuwa ofisa wanyamapori Liwale kisha akahamia Newala, alikamata maelfu ya nyoka wenye sumu katika maeneo haya na kuwapeleka kwenye makumbusho na bustani za wanyama mpaka alipofariki mwaka 1968. Kumkamata nyoka ni kazi ya dakika kadhaa kwa mwenye ujuzi. Kumfanya aishi akiwa ndani ni kazi ya miezi.

Sheria nayo imekaa upande wa hoja hii, ingawa kwa sababu nyingine. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kukamata wala kumiliki mnyamapori bila kibali, na chatu yumo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Mwezi Juni 2022 ilitangazwa kwamba wafanyabiashara wangeruhusiwa kwa muda kusafirisha waliobaki nao, na tangazo hilo likasitishwa karibu mara moja kutokana na malalamiko ya wananchi. Katika mabishano yale mengi yalisemwa kuhusu wizi na fedha. Machache yalisemwa kuhusu wanyama wenyewe, ambao baadhi yao wakishakamatwa huacha kula, wakasubiri safari ndani ya mifuko na masanduku.

Kwa hiyo panapotokea chatu mchanga kafukuliwa shambani Kiranjeranje, kijana akamchukua nyumbani, naye akagoma kula wiki moja au mbili, ushauri wangu si wa joto wala wa kifaranga. Hayo ni kwa wenye vibali, vituo vya maonyesho na wanaofuga nyoka waliozaliwa ndani. Huyu aliyeokotwa bado ana nguvu, bado ana akiba, na porini anajua pa kupata mawindo. Toa taarifa kwa ofisi ya wanyamapori ya wilaya au kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA) ili arudishwe pale pale alipotolewa, mapema, kabla mtu hajatafuta kijiti.